Jinsi ya kupokea na kutunza maziwa freshi ya kutoka nje kwa joto hili la Mombasa

Mimi nina duka huku Kisauni, mwaka wa kumi na moja sasa, na maziwa ndio kitu natoa kila siku ya Mungu kabla hata mkate haujafika. Nauza ya hapa Kenya na nauza ya nje pia, sanasana ya Uganda manake bei yake mara nyingi hua nafuu na watu wa vibanda vya chai wayapenda. Juzi dada mmoja ndio afungua duka lake upande wa Mtwapa, akanipigia, "Mamangu, haya maziwa ya nje nitajuaje kama ni salama? Watu wasema mengi." Nikaona maneno ya simu hayatoshi, nimuandikie yote, na nyinyi wengine mwenye duka au mwenye kununua pakiti moja ya chai ya asubuhi mupate kitu.

Kitu nataka mushike kwanza kabla sijaingia kwa hatua: maziwa yaweza kutoka upande wa Mbarara, yakapita Malaba au Busia, yakashuka mpaka Pwani zaidi ya kilomita 1,000, na yakafika mazima kabisa kwa sababu yalikua kwenye lori la baridi. Alafu yakaharibikia hapa hapa, kutoka depo mpaka dukani kwako, nusu saa tu juu ya tuktuk bila barafu. Mimi nimerudishiwa maziwa mara kadhaa miaka hii na nikifuatilia vizuri, karibu kila mara shida ilikua huku mwisho. Kwa hivo mwongozo huu sehemu kubwa ni ya baridi, makaratasi pia ntayasema, lakini baridi ndio roho ya mambo.

Hatua ya 1: jua umeshika maziwa gani

Watu waita kila kitu freshi. Angalia pakiti. Yakiandikwa Pasteurized manake yamepashwa moto kiwandani, kawaida nyuzi 72 kwa sekunde 15 alafu yakapozwa haraka. Moto huo waua vijidudu vya magonjwa, TB ya ng'ombe, brusela, salmonela na wenzao, lakini hauui kila kitu kilicho ndani, kuna vingine vyabaki vimelala na vikipata joto vyaamka. Ndio mana haya lazima yakae kwenye nyuzi 4 au chini yake toka kiwandani mpaka kwa kikombe chako, na maisha yake ni siku chache tu.

Yakiandikwa UHT, hayo yamepigwa moto wa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache tu na kutiwa kwenye pakiti isiopitisha hewa, hukaa miezi nje ya friji maadamu hujafungua. Mengi ya yale ya Ulaya muonayo kwa rafu za supamaketi ni haya. Ukishafungua tu, yamekua kama maziwa mengine, friji, na uyamalize siku tatu hivi.

Kuna ya tatu, unga wa maziwa uliochanganywa na maji tena, pakiti itasema reconstituted kwa maandishi madogo. Si sumu, lakini mteja aliyelipia freshi ana haki ya kujua.

Na ya mwisho ni mabichi ya jerikeni, yale mtu akuletea asema "haya ni ya mpakani, bei ya ndugu". Mimi haya ya nje siyagusi kabisa. Maziwa mabichi yaliyolala njiani siku mbili kwenye plastiki, kwa joto letu, hakuna kipimo cha duka kitakachonipa usingizi.

Hatua ya 2: alama na makaratasi

Hapa wengi huruka, waona ni mambo ya wakubwa. La. Kuna vitu kwenye maziwa ambavyo hata ukichemsha mpaka sufuria iungue havitoki, na dawa yake pekee ni kuhakikisha maziwa yamepitia kwa watu wenye maabara. Sumukuvu ni mmoja wao. Ng'ombe akila mahindi au chakula kilichoota ukungu, ile sumu yaingia kwenye maziwa, waiita aflatoksini M1, na viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu ipite maikrogramu 0.5 kwa kilo. Huioni, huinusi. Dawa za antibiotiki alizodungwa ng'ombe pia hivo hivo, moto hauziondoi.

Na kuna ujanja wa watu. Mwaka 2008 kule China kuna maziwa ya kutengenezea unga wa watoto yalitiwa maji, alafu ili kipimo cha protini kisome juu wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Watoto karibu 300,000 waliugua, figo zikajaa mawe, na 6 wakafariki. Mama zao walichemsha maji vizuri, wakaosha chupa vizuri, wakafanya kila kitu mama hufanya. Mimi kila nikikumbuka hao watoto sioni uvivu tena kusoma pakiti.

Sasa fanya hivi. Muagizaji yeyote wa maziwa lazima awe na kibali cha Kenya Dairy Board, KDB, hao ndio wasimamizi wa maziwa hapa tangu 1958, na mzigo waja na cheti cha afya kutoka nchi ulikotoka. Wewe wa duka hutapewa vyote hivo mkononi, lakini depo unaponunua waulize wakuonyeshe kopi ya kibali, mara moja tu mukianza biashara, alafu kila kibali kikibadilika. Depo ya kweli haikasiriki. Ukiambiwa "wewe mama wa duka dogo makaratasi ya nini", bas hapo ushapata jibu, tafuta depo nyengine.

Kwenye pakiti tafuta alama ya ubora. Ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba chini yake, waweza kuihakiki kwa meseji, waandika SM# na ile namba waituma 20023, jibu lakuambia ni ya bidhaa gani na ya kampuni gani. Likija jibu la kampuni tofauti na ilioko kwa pakiti, usinunue. Maziwa ya Uganda hua na alama ya Q ya shirika lao la viwango, UNBS, na nchi za Afrika Mashariki hutambuliana alama hizi. Vya kutoka nje ya jumuiya angalia stika ya ISM ya KEBS, ile ya bidhaa za kuagizwa. Kiwango cha maziwa ya pasteurized kwa Afrika Mashariki ni EAS 69, ya UHT ni EAS 27, mara nyingi utaona namba hio imechapwa pembeni.

Tarehe nayo iangalie kwa akili. Nchi nyengine zaanza na mwezi, kwa hivo 04/05 yaweza kua tarehe nne mwezi wa tano au tarehe tano mwezi wa nne. Tazama tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha pamoja, hapo ndio yajulikana. Na kama kuna stika ya tarehe imebandikwa juu ya tarehe nyengine, ipeleke kucha pembeni uone chini yake kuna nini.

Hatua ya 3: kupokea mzigo, hapa ndio penyewe

Ntawapa kisa. Msimu wa kaskazi mwaka uliopita, lile joto la mwezi wa pili ambalo hata usiku shuka huitaki, mzigo wangu ulifika saa moja kasoro asubuhi. Mimi nlikua nimeenda kupeleka mtoto shule, kijana wangu wa duka akashukisha kreti tatu akaziweka barazani akaendelea kuuzia watu mikate. Nlirudi saa mbili na robo nikazitia kwenye friji, nikagusa, nikaona si moto, nikasema sawa. Jioni jirani yangu aja na sufuria mkononi, hajasema neno, ainamisha tu nione: maziwa yamekatika, maji ya rangi ya manjano huku na mabonge huku, na majani ya chai yashaingia. Baada yake wakaja wengine wanne. Nlirudisha pesa zote, na nikampigia aliyeniletea akaniambia friji yangu ni mbovu, mimi nikamwambia tuktuk yake haina barafu, na wallahi tulikua na makosa wote wawili. Lakini kilichoniuma si pesa. Mmoja wa wale wanne alikua ashampa mtoto wa miaka mitatu kikombe kabla hajachemsha, na yule mtoto aliharisha siku mbili.

Toka siku hio mzigo haupokelewi kama mimi sipo, au aliyepo awe ashafundishwa, na haupokelewi bila themomita. Nunua ile ya jikoni yenye sindano ndefu, si bei. Ihakikishe kwanza: jaza gilasi barafu, tia maji kidogo, chovya sindano, ngoja dakika, yafaa isome sifuri au karibu yake. Isiposoma hivo irudishe ulikonunua.

Pakiti usiitoboe. Toa pakiti mbili, ziweke ubavu kwa ubavu na sindano katikati zikiikumbatia, zishike kwa kitambaa si kwa mkono mtupu manake mkono una joto lake, ngoja namba itulie. Na usipime kreti ya chini katikati pekee ambayo dereva atakuchagulia. Pima ile ya juu kabisa, pembeni, iliopigwa na jua njiani, hio ndio mbaya kuliko zote, ikiwa hio ni nzuri zengine ziko sawa.

Kijana aniletea sasa mara ya kwanza alishangaa. "Mama, haya si baridi haya, hebu gusa."
"Ngoja mwanangu, nitie themomita kwanza."
"Wateja wengine hawapimi."
"Najua. Ngoja."
Ilisoma 9. Alinyamaza, akarudisha kreti mbili. Wiki ilofuata alikuja na kulaboksi kubwa na barafu juu ya pakiti, na mpaka leo tuko naye vizuri.

Sheria yangu ni hii: nyuzi 4 kushuka chini napokea bila maneno. Ikisoma 5 au 6 nauliza yametoka depo saa ngapi, nikiridhika nayapokea na yauzwa siku hio hio. 7 kupanda juu yarudi, hata kama duka halina pakiti moja na wateja wamepanga foleni.

Alafu macho na mkono. Pakiti iliovimba kama puto ina gesi ndani, yaani vijidudu vishaanza kazi, hio hairudi friji hata sekunde. Pakiti inayovuja, yenye unata, au kreti yenye harufu ya maziwa ya jana, rudisha. Nikiwa na shaka nachukua pakiti moja nafungua, natia vijiko viwili kwenye upawa naupeleka juu ya moto wa jiko. Maziwa mazima yachemka yakapanda povu. Yalioanza kuchacha yaganda vipunje vipunje pale pale ubavuni mwa upawa hata kama puani bado yanukia vizuri. Nusu dakika tu, na hio pakiti moja imeniokolea kreti nzima mara nyingi.

Wenye kuuza maziwa ya kupima au ya mashine wawe na laktomita pia, kile kipimo cha uzito wa maziwa, maziwa ya ng'ombe kawaida husoma kati ya 1.028 na 1.032, ikishuka chini ya hapo shuku maji. Na maji yenyewe si wizi tu, maji ya wapi? Ya kisima gani? Kitu chengine, ukiletewa maziwa mabichi yakakaa nje mchana kutwa kwa joto la Mombasa na hayakuganda wala kubadilika, usifurahi. Kuna watu hutia haidrojeni peroksaidi au fomalini yasiharibike. Maziwa mabichi ya haki yakiachwa nje huku kwetu yaganda. Hapo piga simu kwa bwana afya. Na leseni ya kuuza ya kupima muulize KDB kabla hujanunua hio mashine, usisubiri wakukute.

Hatua ya 4: friji yako na tokeni

Hapa ntasema kitu wengi wetu twafanya na hatusemi. Usiku wafunga duka, wazima friji ili tokeni ya stima isiishe, asubuhi wawasha. Nlifanya miaka miwili. Maziwa yakilala masaa nane kwenye friji iliozimwa yapanda joto polepole, asubuhi yapoa tena, mteja akigusa asikia baridi na kumbe yashatembea usiku kucha. Kama tokeni ni shida agiza maziwa kidogo zaidi, uza yaishe kabla hujafunga, lakini usizime.

Iweke themomita nyengine ndogo ndani ya friji, katikati si mlangoni, ione kila ukifungua. Usijaze pakiti mpaka zigusane na kuta zote, baridi yataka njia ya kupita. Mzigo wa zamani mbele, mpya nyuma. Soda ambazo watoto wafungua friji kila dakika kuzichukua, kama waweza zitie friji yao.

Stima ikipotea, andika saa ilipopotea kwenye karatasi na usifungue mlango. Friji iliofungwa hushika baridi masaa manne hivi. Mimi hua nina chupa za soda za lita 2 nimezijaza maji, zimeganda kwenye friza, stima ikizima tu nazihamishia juu ya pakiti, zasaidia sana. Ikipita masaa manne pima kwa themomita, usipime kwa imani.

Hatua ya 5: nyumbani kwa mnunuzi

Maziwa yanunue mwisho, baada ya mboga na unga na kila kitu, alafu nyumbani moja kwa moja. Maziwa nje ya friji huhesabiwa masaa mawili, lakini joto likipita nyuzi 32, ambayo kwetu mchana ni kawaida kabisa, ni saa moja tu. Kama wavuka feri kwenda Likoni na foleni ni ndefu, beba mfuko wenye chupa ya barafu.

Kuchemsha. Pasteurized iliokaa baridi kwa kanuni haihitaji kuchemshwa tena, lakini kama huna hakika ya safari yake chemsha mpaka yapande, koroga, yapande tena. Kisha yapoze haraka, sufuria ndani ya beseni la maji baridi, na ukoroge, yakipoa friji. Ile tabia ya kuyaacha juu ya jiko yamefunikwa mpaka usiku ndio mbaya. Na tafadhali, kuchemsha hakufufui maziwa yalioharibika. Kuna vijidudu, stafilokokasi kwa mfano, vikishazaana huacha sumu ambayo haifi kwa moto wa jikoni, kijidudu kimekufa na sumu yake iko. Yakiwa na harufu au yamekatika, mwaga. Hata usiyafanyie mala, maziwa ya kuganda mazuri hutengenezwa na maziwa mazuri.

Usimwagie mapya juu ya masalio ya jana kwenye jagi moja.

Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake, na chini ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe, ya nje au ya hapa, yasiwe ndio kinywaji chake kikuu. Mwenye mimba asinywe mabichi hata kidogo, kuna kijidudu chaitwa listeria chazaana hata ndani ya friji na huharibu mimba.

Hatua ya 6: yakiharibika

Usitupe pakiti. Ifunge kwenye mfuko, iweke friji upande wake na uandike USIUZE. Kama mtu ameugua mpeleke hospitali, na uwaambie alikunywa maziwa gani na saa ngapi. Piga simu kwa uliponunua, alafu kwa bwana afya wa kaunti au KDB, hata kama waona ni pakiti moja tu, manake wao wakipata simu tatu za bechi moja ndio wajua pa kuanzia.

Mimi nina daftari limening'inia kwa msumari kando ya friji, kila mzigo naandika siku, saa, nyuzi ngapi, na namba ya bechi. Ile namba iko juu ya pakiti karibu na tarehe, na wino wake hufutika unyevu wa friji ukiupata, kwa hivo piga picha kwa simu kabla hujapanga pakiti ndani.